Aliyenitumia Linki Hakuwa Mwizi

Nauza vioo vya simu, betri, chaji na makava Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Fremu yenyewe ni ya kugeukia tu: mimi na rafu zangu ndani, mdogo wangu wa kiume pale mlangoni na meza yake ya ufundi simu. Wiki ya kwanza ya Ramadhani ya 2024, nikiwa nimekaa kwenye stuli yangu humo humo ndani, simu yangu mkononi, niliibiwa USDT 4,150, sarafu za kidijiti ninazolipia mzigo. Kwa bei ya siku ile zilikuwa zaidi ya shilingi 10,500,000. Ndizo zilizokuwa fedha za oda ya Eid, na 3,000,000 kati ya hizo zilikuwa mkopo wa kikoba chetu.

Aliyeniibia hakuvunja kitu. Mlango nilimfungulia mimi. Kwa karibu mwaka mzima sikuweza kulisimulia jambo hili bila kifua kubana. Ninaliandika sasa kwa sababu nimeshaona linavyompata mtu mwingine ninayemheshimu, na kwa sababu ukimya wangu uliwahi kumgharimu mwenzangu fedha. Hilo la ukimya nitalifikia.

Wasioijua Kariakoo huniuliza mtu wa betri na makava anatafuta nini kwenye kripto, yaani hizi sarafu za kidijiti. Mzigo wangu unatoka Guangzhou, na Mchina wangu (ndivyo tunavyosema, kila mtu na Mchina wake) anataka alipwe kabla hajafunga maboksi. Zamani nilikuwa nampa wakala shilingi hapa, mwenzake kule anatoa yuan. Wakati mwingine siku mbili, wakati mwingine wiki nzima, na dola zikiadimika unasubiri mpaka Mchina anaacha kujibu meseji. Mwaka 2022 jirani yangu wa fremu ya pili akanionyesha USDT, sarafu ya kidijiti ambayo thamani yake inakwenda na dola ya Marekani. Unainunua kwa M-Pesa kutoka kwa muuzaji aliyeko kwenye soko la kripto mtandaoni, unaituma kwa mtandao wa Tron, na baada ya dakika chache Mchina anasema imefika. Nilikwenda hivyo karibu miaka miwili bila tatizo. Sikuwahi kununua ili nisubiri bei ipande. Nilichotaka ni mzigo wangu ulipiwe uondoke.

Jirani huyo huyo ndiye aliyenitumia linki.

Simu yangu ya zamani iliingia maji, bodi ikafa. Nikachukua Tecno mpya, nikahamisha laini, WhatsApp ikarudi, M-Pesa ikarudi, ikabaki aplikesheni ya lile soko la kripto. Siku hizi nawaambia wateja wangu kwamba siku ya kubadilisha simu ndiyo siku ya kuwa macho kuliko zote, kwa sababu siku hiyo unaanza upya kutafuta milango uliyoizoea, tena unaitafuta kwa haraka. Mchina alikuwa ameishikilia bei ya vioo mpaka kesho yake. Saa ilikuwa inakaribia kumi na moja jioni na nyumbani nilikuwa sijaandaa futari. Badala ya kwenda kuitafuta mwenyewe, nikaandika kwenye kundi letu la wafanyabiashara: "Jamani naombeni linki ya ile aplikesheni, nimebadilisha simu."

Haikupita dakika, jirani akajibu. Alituma linki ya kushusha faili, na chini yake maneno: "Hili ndilo toleo jipya dada, lile la Play Store linasumbua siku hizi." Yeye naye alikuwa amelipata kwenye kundi la Telegram lililojiita la huduma kwa wateja.

Nataka nieleweke vizuri kuhusu jirani yangu. Mwanangu alipolazwa mwaka 2021, yeye ndiye aliyenifungia hesabu za fremu siku nne na kunikabidhi fedha zote hadi shilingi ya mwisho. Kariakoo tunampima mtu kwa aliyemleta. Swali la kwanza mgeni akija ni "Nani kamleta?" Akija na jina la mtu wetu, anaweza kuondoka na mzigo kwa mali kauli, bila karatasi, kwa sababu tunajua akitoroka yupo wa kumuuliza. Utaratibu huu umetulea na siupuuzi hata leo. Lakini linki haiko hivyo. Jirani alinipa alichopewa, na nyuma yake alisimama mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona uso wake. Udhamini wa jirani ulikuwa wa kweli kabisa. Alidhamini kitu asichokijua, nami sikumwuliza kakitoa wapi.

Simu ilinikataza mara mbili. Mara ya kwanza ilisema hairuhusu kusakinisha kitu kutoka chanzo kisichojulikana, nikaingia kwenye mipangilio nikairuhusu. Mara ya pili ikaniambia faili hili linaweza kuwa na madhara. Nikampigia jirani. "Kaka, simu inakataa." "Endelea tu dada, hata yangu ilikataa." Nikaendelea. Yeye akauntini kwake zilikuwepo dola 11 tu, na hizo hakuna aliyezigusa, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kushtuka.

Ikafunguka. Nembo ni ile ile, rangi ni zile zile, hata sehemu ya kuandika paswedi iko pale pale vidole vyangu vilipozoea. Nikaweka barua pepe na paswedi. Ikaniomba zile namba sita zinazobadilika kila sekunde 30, nikaziandika. Kikazunguka kile kiduara, kikazunguka, kisha maandishi: namba imepitwa na wakati, ingiza nyingine. Nikaingiza nyingine. Kisha ikasema: kwa usalama wako, ingiza namba tuliyotuma kwenye barua pepe.

Hapa ndipo ninaporudi kila nikikumbuka. Barua pepe iliingia, taarifa ikashuka juu ya kioo. Nikaivuta kwa kidole, macho yakaenda moja kwa moja kwenye tarakimu sita, nikazishika kichwani, nikaziandika. Maneno yaliyozizunguka sikuyasoma. Usiku, nilipoifungua barua hiyo kwa utulivu, ilikuwa inasema kwa Kiingereza chepesi ambacho hata mimi nakielewa: unatoa USDT 4,150 kwenda kwenye anwani hii, na kama si wewe uliyeomba, usimpe mtu yeyote namba hii, funga akaunti yako hapa. Kitufe cha kufunga akaunti kilikuwepo, kikubwa, katikati ya barua. Soko halisi lilikuwa limenipigia kelele wakati mwizi bado yuko mlangoni. Nikachukua namba, nikaacha kelele.

Siku hizi namba yoyote ya uthibitisho ikiingia, iwe ya benki, ya M-Pesa au ya WhatsApp, nasoma maneno kwanza, taratibu, mpaka nijue namba hiyo inaruhusu nini. Kuingia ni jambo moja, kutoa fedha ni jambo jingine, na ujumbe wenyewe ndio unaokuambia. Kama maneno hayalingani na ninachofanya wakati huo, naacha kila kitu.

Baada ya namba ile, aplikesheni ikaandika kwamba kuna matengenezo, nijaribu tena baada ya saa 2. Nikafunga fremu nikakimbilia futari. Saa hizo 2 walizitumia wao.

Baada ya tarawehe mdogo wangu alishusha aplikesheni kutoka Play Store kwenye simu yake, nikaingia kwa jina langu. Salio lilikuwa dola 0.62.

Asubuhi yake tulikaa kwenye meza yake kabla mtaa haujachangamka. Aliweka simu mbili pembeni ya kitambaa chake cha bluu, yangu na yake, kioo kikiangalia juu. Nembo mbili, pacha. Nilizitazama nikitafuta tofauti kama mtu anayetafuta ufa kwenye kioo kipya, sikuiona. Kisha akabonyeza nembo kwa muda mrefu, akafungua maelezo ya aplikesheni kwenye kila simu. Ile ya kweli ilizidi MB 100. Yangu ilikuwa MB 9. Chini kabisa, ya kweli iliandika imetoka Play Store. Yangu haikutaja duka lolote. Akafungua ruhusa: yangu ilikuwa imeomba kusoma SMS na kujionyesha juu ya aplikesheni nyingine, na nilikuwa nimekubali zote bila kuziona. Maana yake wangeweza pia kusoma meseji zangu za M-Pesa.

Mdogo wangu alinieleza kwa sauti ya chini. Ile niliyoifungua ilikuwa kama fomu tu. Kila nilichoandika kilimfikia mtu aliyekuwa amekaa mahali fulani, naye wakati huo huo alikuwa anakiandika kwenye soko la kweli. Namba ya kwanza ilimwingiza. "Imepitwa na wakati" ulikuwa uongo wa kunifanya nitoe ya pili, na ya pili pamoja na ile ya barua pepe ndizo zilizotoa fedha. Namba hizo zinakufa haraka, kwa hiyo lazima mtu au mashine iwe inasubiri upande wa pili. Nilikuwa nadhani namba sita zinazobadilika ni ukuta. Hazimzuii mwizi uliyempelekea mwenyewe.

Alinibadilishia paswedi ya barua pepe kwa kutumia simu yake, si yangu, akaondoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeunganishwa, nikabadilisha namba ya siri ya M-Pesa, ndipo akaifuta Tecno yote ikarudi kama ilivyotoka dukani. Mpangilio huo ni muhimu. Ukibadilisha paswedi ukiwa ndani ya simu yenye kile kitu, unaweza kuwa unamkabidhi mwizi na paswedi mpya.

Kisha akanionyesha fedha zangu. Mtandao wa Tron ni daftari la wazi, kila muamala una namba yake ndefu na mtu yeyote anaweza kuufuata. Zilitoka saa kumi na moja na dakika ishirini na sita. Dakika chache baadaye ziligawanywa kwenda anwani tatu, na zile tatu nazo zikagawanyika. Unaziona kabisa, kama unavyoona mzigo wako uko juu ya gari la mtu linaondoka, na huna la kufanya. Kampuni inayotoa USDT inao uwezo wa kuzifungia zikiwa kwenye anwani fulani, lakini mpaka vyombo vya sheria viombe, na mpaka maombi yafike kabla hazijahamishwa. Kila saa inayopita inampa mwizi nafasi.

Na mimi nilipoteza siku tatu. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, nikajiambia nikienda polisi nitageuzwa mtuhumiwa. Hofu ile ilinikalisha nyumbani. Siku ya nne nilikwenda kituoni, nikapewa RB (namba ya taarifa yangu), nikaambiwa nilete namba ya muamala, anwani zilikoenda fedha, lile faili, na picha za ujumbe wa Telegram. Askari aliniuliza swali moja ambalo sijalisahau: "Mama, kwa nini hukuja siku ile ile?" Wizi kwa njia ya mtandao ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kuibiwa si kosa. Fedha sijazipata hadi leo.

Siku hizo hizo tatu, faili lilikuwa bado liko kwenye kundi. Nilijua. Kila nikitaka kuandika "jamani msilifungue" niliona watu watakavyosoma, watakavyouliza kiasi gani, habari itakavyofika kikoba. Nikanyamaza. Siku ya tatu, mwenzetu anayeuza vipodozi upande wa Msimbazi alilifungua, akapoteza USDT alizokuwa amenunua kwa shilingi 600,000. Yeye sikumwibia. Lakini ningeandika mstari mmoja tu, asingeibiwa. Hilo linaniuma kuliko zile 4,150, na nilishamwambia uso kwa uso.

Walionijia baada ya hapo walikuwa wa aina nyingine. Nilikuwa nimeuliza kwenye kundi moja la Facebook kama fedha za aina hii huweza kurudi. Usiku ule ule meseji zikaingia: wataalamu wa kurudisha kripto, wanasheria wa kimataifa, mmoja akanitumia picha ya kitambulisho. Wote walitaka ada kidogo kwanza. Mmoja alitaka yale maneno 12 ya siri ya waleti (pochi ya kripto) ya mdogo wangu, "ili aunganishe mfumo." Maneno hayo ndiyo waleti yenyewe, anayeyajua ndiye mwenye fedha. Ukiibiwa mara ya kwanza, jina lako linaingia kwenye orodha ya watu wenye maumivu, na watu hao ndio wanaotafutwa kwa mara ya pili. Ninaomba sana, kama hili limekupata, usilipe hata mia kwa mtu anayekuahidi kurudisha. Nenda polisi, waarifu huduma ya wateja ukiwa ndani ya aplikesheni ya kweli, namba za simu zilizokutumia ujumbe wa kitapeli zitume kwa SMS kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, na piga *106# uone kama hakuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako usiyoijua.

Mfungo wote ule, jioni baada ya kufunga hesabu, mdogo wangu alinifundisha kusoma anwani za tovuti. Alianza hivi: "Dada, isome kama msahafu, anza kulia." Sikumwelewa mpaka alipochukua karatasi ya risiti akaandika:

dukaletu.com.ingia-salama.top

"Nyumba ya nani hii?" Nikasema dukaletu. Akatikisa kichwa. Ukianza kulia, kuna .top, na neno lililo mara tu kabla yake ni ingia-salama. Huyo ndiye mwenye nyumba. Hayo "dukaletu.com" ya mbele ni rangi ambayo mwenye nyumba amejipakia, na mtu yeyote anaweza kuandika jina lolote pale. Kama kuna mkwaju (/), anzia kwenye mkwaju wa kwanza ulio peke yake, si ile miwili iliyoungana mwanzoni, kisha soma kurudi kushoto. Kwa anwani zetu za .co.tz, hesabu viwili hivyo kama kimoja, kisha tazama neno lililo kabla. Tulifanya zoezi hilo kwa risiti nyingi, mpaka ikawa macho yangu yanaanzia kulia yenyewe.

Lakini kuna ujanja ambao macho hayaushindi. Mapema 2018, wezi walitengeneza tovuti ya kuigiza Binance, soko kubwa la kripto, ambayo jina lake liliandikwa kwa herufi n zenye nukta ndogo chini yake, zinazoonekana kama vumbi kwenye kioo. Watu wakaingia na kuacha paswedi zao. Tarehe 7 Machi 2018 akaunti hizo zilitumika kununua sarafu moja kwa fujo ili bei yake ipande, hadi Binance wakasimamisha utoaji kwa muda. Mimi kila siku natazama vioo vyenye vumbi. Nisingeiona nukta ile.

Na alama ya kufuli pembeni ya anwani, ambayo miaka yote niliiamini, inasema tu kwamba mazungumzo kati ya simu yako na tovuti ile yamefichwa wasiyasikie wengine. Haisemi unazungumza na nani. Mwizi naye anaipata bure. Chrome wenyewe waliiondoa alama hiyo Septemba 2023, kwa sababu watu tuliielewa vibaya.

Hata duka rasmi si kinga kamili. Novemba 2023 aplikesheni bandia ya waleti ya Ledger ilipita ikawekwa kwenye duka la Microsoft, na bitkoini zaidi ya 16 zikaibwa kabla haijaondolewa. Kwa hiyo sitafuti tena jina dukani na kubonyeza la kwanza. Wala sibonyezi matokeo ya juu ya Google yenye alama ya tangazo, maana nafasi ile inanunuliwa. Naandika anwani ya tovuti kwa mkono, niliyoinakili kwenye daftari langu la madeni, na kutoka kwenye tovuti hiyo ndipo nafuata njia ya kwenda Play Store. Kisha natazama jina la mtengenezaji na idadi ya waliopakua. Soko lenye wateja dunia nzima haliwezi kuwa na waliopakua 500.

Ndani ya akaunti nimeweka mambo matatu ambayo laiti ningeyajua mapema. La kwanza ni orodha ya anwani zinazoruhusiwa kupokea fedha, na anwani mpya ikiongezwa inasubiri saa 24. Hilo peke yake lingeniokoa. La pili, neno nililolichagua mimi, ambalo kila barua pepe ya kweli kutoka kwao lazima iwe nalo. La tatu, naingia kwa alama ya kidole iliyounganishwa na tovuti halisi peke yake. Nikijikuta kwenye tovuti ya kuigiza, simu haioni pa kuitumia, hata kama mimi nimedanganyika. Na tangu siku ile sijaacha fedha zilale mle. Zinaingia, zinatoka kwenda Guangzhou, basi.

Mwaka jana akaja Mwalimu.

Alinifundisha hesabu darasa la sita na la saba. Amestaafu, simu yake ilikuwa haiingizi chaji, akamletea mdogo wangu. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, akavuta stuli akakaa karibu nami, akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nimeambiwa wewe unajua kutuma hizi USDT. Nataka kutuma 1,480."

Nikamwuliza anatuma kwa nani. Akafungua simu. Ilikuwa aplikesheni ya soko ambalo sijawahi kulisikia, nzuri sana, grafu za kijani zinapanda, salio dola 9,870. Alikuwa ameweka 2,300 kutoka kwenye kiinua mgongo chake, kidogo kidogo. Mwanzo alijaribu kutoa dola 50, zikatoka siku ile ile, ndiyo akaamini. Aliyempeleka huko ni binti waliyefahamiana WhatsApp kwa meseji iliyodai imekosea namba, na kwa miezi miwili kila asubuhi alimjulia hali. Sasa Mwalimu anataka kupaua nyumba, ameomba atoe zote, na huduma kwa wateja wamemjibu kwamba lazima alipe kwanza kodi ya asilimia 15.

Moyo ulinienda mbio. Mtu aliyenifundisha kukokotoa asilimia ameshika simu na anataka nimsaidie kuwapelekea. Sikutaka kumwambia "umeibiwa" hivi hivi. Nikamwuliza: "Mwalimu, mshahara wako ulikuwa unakatwa PAYE. Kuna mwezi hata mmoja ulipeleka kodi kwanza ndipo ukalipwa?"

"Hapana. Inakatwa huko huko."

"Na hii kwa nini isikatwe humo humo kwenye 9,870?"

Hakujibu. Nikamweleza kwamba nchi yetu tangu Julai 2024 inayo kodi ya mali za kidijiti, asilimia 3, na yenyewe huzuiliwa na anayelipa. Hakuna mahali ambapo mtu anatuma fedha mpya ili aachiwe zake. Tukawaandikia pamoja: kateni kodi kwenye salio, mtume kinachobaki. Walijibu ndani ya dakika mbili, kwa ukali, kwamba asipolipa ndani ya saa 48 akaunti itafungwa na atapelekwa mahakamani.

Mwalimu akaitazama ile 9,870 muda mrefu. "Kwa hiyo hii ni nini?"

"Ni namba waliyoiandika, Mwalimu."

Wapo wengi. Julai 2022 FBI walitoa tahadhari kuhusu aplikesheni bandia za uwekezaji wa kripto, wakitaja watu 244 waliopoteza kama dola milioni 42.7 katika miezi michache. Aprili 2025 jukwaa la kripto lililoitwa CBEX lilianguka Nigeria, watu wakawa wanaona salio wasiweze kutoa, wengine wakavamia ofisi yake Ibadan. Mwalimu mwenyewe aliniambia DECI, ule upatu wa kupanda fedha, aliikwepa mwaka 2009, walimu wenzake walipopanda mbegu wakisubiri mavuno yeye alikataa. Hii ilimjia na grafu, na mtu wa kumsalimu asubuhi.

Zile 1,480 hazikwenda. Zile 2,300 zilikuwa zimeshakwenda. Aliniomba nisimwambie mkewe wala watoto. Nikaona uso wangu wa mwaka ule kwenye uso wake, na hapo ndipo nilipomsimulia yangu yote, tangu linki hadi yule dada wa vipodozi, bila kuficha kiasi. Mdogo wangu aliacha kazi akasikiliza. Nilipomaliza, Mwalimu alikaa kimya kidogo, kisha akaniomba nimsindikize kituoni siku ile ile. Tulikwenda kwa miguu.

Kesho yake nikaingia fremu ya jirani yangu. Tulikuwa tunasalimiana tu mwaka wote, kila mmoja akiogopa kumwangalia mwenzake. Aliniambia alikuwa analilipia kosa lake moyoni bila kujua amwambie nani, na kwamba siku ile alilituma faili hilo kwa watu wengine watano nje ya kundi. Watatu alikuwa ameshawaonya. Wawili aliona haya. Tukawapigia pale pale, simu ikiwa juu ya kaunta, spika imewashwa. Mmoja alikuwa bado nalo kwenye simu.

Sasa mtu akiomba linki yoyote kwenye kundi, jirani ndiye wa kwanza kujibu: "Linki hatutumiani. Njoo fremu tuiandike anwani pamoja." Na wanakuja. Jumamosi iliyopita nilimwona na kijana wa duka la viatu mwenye simu mpya, wameinama juu ya kioo kimoja, jirani anaiweka kalamu kulia kabisa mwa anwani, anarudi nayo kushoto herufi kwa herufi, na kijana anasoma kwa sauti.